Kifungo cha Shati la Kijivu

Tarehe 4 Julai

Mke wangu,

Barua hii isome ukiwa peke yako. Funga mlango, na dada yangu akiuliza mwambie unaoga. Huku simu ipo moja tu, ofisini kwa msimamizi, na mtu akipiga kambi nzima inapunguza redio isikilize. Ndiyo maana naandika.

Tangu nirudi kutoka likizo sijakaa sawa. Siku chache tu baada ya kufika nilianza kusikia moto nikienda haja ndogo. Moto hasa, mpaka nashika ukuta. Asubuhi yake chupi ina usaha. Nimezibua vyoo vya watu maisha yangu yote na sijawahi kuona kinyaa kama nilichojionea mwenyewe. Nikaenda zahanati ya kambi. Wamepima, wamesema kisonono. Nimechomwa sindano na nimepewa vidonge.

Sasa nakuuliza taratibu. Nimekuja nyumbani mzima, nimeondoka nyumbani mgonjwa. Hapo katikati nililala kitanda kimoja tu.

Nimekumbuka mengi. Nimekumbuka yule mnyooshaji wa kiwandani kwenu, mnayemwita Bwana Pasi, alivyokuletea mwavuli mpaka mlangoni. Ndiyo, mwavuli ni wako, uliusahau kazini. Lakini mlango aliujuaje? Na mbona alikuwa amenyoosha hata kola, mtu aliyekuja kurudisha mwavuli tu?

Niambie ukweli. Sitapiga kelele.

Mumeo,
Fundi wa mabomba


Tarehe 11 Julai

Mume wangu,

Nimesoma. Nikarudia tena nikidhani labda barua ilikuwa ya nyumba nyingine.

Umesema hutapiga kelele. Nashukuru. Mimi nimepiga, ndani ya mto, ili wifi asisikie.

Mlango wetu unajulikana na mtaa mzima. Ni ule wenye koki ya nje inayovuja mwaka wa tatu sasa, nyumba ya fundi mabomba. Watu wanaelekezana kwa hiyo koki. Na Bwana Pasi ananyoosha kola kwa sababu kunyoosha ndiyo kazi yake. Ulitaka aje amekunjamana?

Sasa nisikilize. Mimi sina moto. Sina usaha, siwashwi, sinuki. Naamka, nakwenda kazini, nashona sare za shule mpaka jioni, narudi nakula nashiba. Huo ugonjwa ningekuwa nao si ningeuona? Wewe umekuwa nao siku chache tu umeshika ukuta. Mimi nimeshika nini? Kwa hiyo mwenye nao ni wewe, umeutoa huko huko, na sasa unatafuta pa kuutua.

Nami nakuuliza taratibu. Ulipokuja Juni nililifua shati lako la kijivu. Kifungo cha pili toka juu si mkono wangu. Mimi kifungo chenye matundu manne nakishona msalaba, tangu nikiwa msichana, hata msimamizi wetu anajua. Kile kimeshonwa mistari miwili kama reli, na chini yake uzi umezungushwa ukasimama shingo. Mtu aliyekishona hakuwa na haraka.

Sikusema, kwa sababu likizo ni fupi. Leo nasema. Nani anakushonea vifungo?

Mkeo,
wa cherehani


Tarehe 19 Julai

Mke wangu,

Kifungo nilikishona mwenyewe. Mwanaume akikaa kambini anajifunza mambo.

Acha vifungo, tuzungumze mambo ya maana. Nikuelezee tunavyofanya kazi, utanielewa. Tukimaliza kutandika mabomba kwenye jengo hatufungulii maji tu tukaenda zetu. Tunafunga valvu, tunajaza maji kipande kimoja, tunapandisha presha, tunakaa tunaangalia mshale wa geji, kile kipimo cha presha. Mshale ukitulia, kipande kile kizima. Tunahamia kingine. Mpaka tufike penye kuvuja. Hatumwonei mtu, geji haina ndugu.

Basi mimi kipande changu nakijua. Nilipofika kwako Juni kilikuwa kikavu kabisa. Nakijua kwa uhakika kuliko unavyofikiri. Kilichobaki kupimwa ni kimoja. Unasema huoni kitu. Na mwizi naye anasema hajaona kitu.

Jana nilikuwa juu ya ghorofa la tatu naunga bomba, mkono unafanya kazi, akili ipo kiwandani kwenu. Namwona yule bwana na pasi yake. Namwona anakuchekesha. Hivi huwa anakuchekesha? Wewe hucheki ovyo. Mimi kukuchekesha kulinichukua mwaka mzima.

Usiponiambia jina la mtu, usiandike tena.

Mumeo


Tarehe 1 Agosti

Baba wa binti yangu,

Jina la mtu sina, lakini naandika. Unizuie kwa lipi?

Kwanza, mimi si bomba.

Pili, wewe hujui hata kutia uzi kwenye tundu la sindano. Juzi juzi hapa ulinipa suruali nishone zipu ukasema sindano zinakutazama vibaya. Leo umekuwa fundi wa kuzungusha shingo ya kifungo?

Tatu, umeandika kwamba kipande chako kilikuwa kikavu "kwa uhakika kuliko unavyofikiri." Sentensi hiyo nimeipeleka kazini kichwani, nimeshona nayo mikono ya mashati mpaka nimeshona mkono wa kulia kushoto. Uhakika huo uliutoa wapi? Mtu ambaye hajawahi kuumwa hana haja ya kujua kwamba amepona.

Bwana Pasi ananichekesha, ndiyo. Anachekesha kiwanda kizima. Ana mke ambaye akipita mlangoni yeye anaunguza kola. Mwonee wivu huyo mke kama wivu umekuzidi.

Mimi siendi kupimwa kitu ambacho sinacho, nikakae benchi moja na watu wanaonifahamu wakaniulize nimefuata nini. Ni mzima. Tumbo linavuta kidogo chini ya kitovu, ni kukaa kwenye mashine. Haja ndogo inachoma siku mojamoja, ni kujizuia. Msimamizi wetu hapendi tukiinuka. Mwezi uliopita nilitoka matone ya damu katikati ya siku zangu, na nikajidanganya siku nzima kwamba labda Mungu ametukumbuka na mtoto wa pili. Haikuwa hivyo. Nilitaka kukuambia hilo kwa namna nyingine.

Nijibu la kifungo.

Mama wa binti yako


Tarehe 29 Agosti

Mdogo wangu,

Ni mimi dada yako. Najua hukutegemea mwandiko huu.

Wifi yangu amelazwa. Jumatatu ameanguka kazini juu ya mashine, homa inamchemka, tumbo la chini hataki liguswe hata na shuka. Wiki nzima alikuwa anatembea ameinama, nikimuuliza anasema mgongo. Ulisemaje kwenye barua zako mpaka mwanamke anaogopa kwenda hospitali? Maana nimemwambia twende, akanijibu, "Nikienda nitakuwa nimemkubalia." Nimemkubalia nini? Hakusema.

Daktari ni mama mtu mzima, haongei sana. Amesema ni ugonjwa wa zinaa uliokaa siku nyingi bila kutibiwa, umepanda kutoka mlango wa kizazi mpaka kwenye mirija. Nikaropoka pale pale, "Mbona hakuwa na dalili?" Akasema wanawake wengi hawana, au wanazo ndogo wanadhani ni uchovu, na mwili unaendelea kuharibika kimya kimya. Kisha akauliza, "Mume wake yuko wapi?" Nikasema yuko kazini mbali. Akasema, "Naye anahitajika."

Basi nami nakuuliza kama mtu aliyekubeba mgongoni. Unahitajika kwa nini?

Bwana Pasi ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari. Mkewe alitangulia hospitali na shuka na thermosi ya chai.

Dada yako mkubwa


Tarehe 3 Septemba

Dada,

Nimeshtuka sana. Nitaomba ruhusa.

Ila nieleze jambo moja. Kiwanda kina wanawake thelathini. Kwa nini ambebe yeye? Na alimbeba vipi, mgongoni au mikononi?

Mdogo wako


Tarehe 8 Septemba

Wewe,

Alimbeba mikononi. Ulitaka abebwe na barua zako?

Mkeo amelala na dripu, anauliza kama umeandika. Nimemwambia bado, kwa sababu hiyo uliyoniandikia siwezi kumsomea mgonjwa. Andika nyingine. Andika kama mtu.

Dada yako


Tarehe 12 Septemba

Mke wangu,

Barua ya dada nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya saruji nyuma ya jengo. Sikuweza kuinuka. Wenzangu walidhani mgongo.

Kifungo alikishona mwanamke wa kantini. Ndiye anayetugawia chai. Nakuandikia yote na sitayapamba.

Ilikuwa Februari, mwishoni, kabla tu ya likizo ya Machi. Kifungo kiling'oka nikiwa kwenye foleni ya chakula, akasema baadaye nimpelekee. Nikampelekea. Ningeweza kukuambia nilikuwa mpweke, lakini upweke nilikuwa nao miaka yote na sikuwahi kuvua shati. Mara mbili. Kisha nikapanda gari nikaja kwako, nikakukumbatia mlangoni, ukaniambia nimenenepa.

Nilirudi kambini Machi ile ile, moto ukaanza. Ule niliokuandikia Julai haukuwa wa kwanza. Ulikuwa wa pili. Machi nilikwenda zahanati, nikachomwa sindano, nikapona. Yule bwana wa zahanati akaniambia kwa mdomo wake, "Mwenzako naye atibiwe hata kama hana dalili, na msikutane mpaka wote mmemaliza dawa na wiki imepita. Mwanamke anaweza kukaa nao miezi asijue." Nikaitikia ndiyo ndiyo, nikatoka. Nilisikia. Nataka ujue kwamba nilisikia.

Sasa ningekuambiaje ukatibiwe bila kukuambia kwa nini? Nikajisemea, akiumwa atasema, nami hapo nitatafuta la kusema. Aprili barua yako ikaja, unacheka, unanieleza binti yetu amekupita urefu. Mei vile vile. Nikaamua kwamba hukuupata. Mimi ugonjwa ulinichoma baada ya siku chache tu, nikadhani kila mwenye nao lazima achomwe. Nikasema Mungu amenisitiri.

Juni nikaja tena, nimepona kweli, na yule mama sikumgusa tena, hilo ni kweli kama yote mengine. Ukanirudishia ule ule niliokuachia Machi. Uliutunza bila kujua kuwa umeachiwa kitu.

Na mimi nilipouona tena sikujiuliza hata kidogo. Nilifurahi, mke wangu. Hilo ndilo linanikaba. Miezi yote ile nilikuwa nakuogopa, kila nikikukumbuka naona deni langu, na ghafla nikapata sababu ya wewe kuwa mbaya. Ndipo wivu ukanishika, tena si wa kuigiza, wa kweli, wa kukosa usingizi. Nimemchukia Bwana Pasi kwa moyo wangu wote, mtu wa watu. Nilikuwa namwona akifanya yote niliyoyafanya mimi.

Nilikuandikia habari za geji. Fundi anayeziba upande mmoja na kufungua maji upande mwingine haujaguswa, tunamfukuza kazi siku hiyo hiyo. Najua ulisema wewe si bomba. Nasema habari zangu.

Zile dalili zako ulinitajia mwezi wa nane, tumbo, kuchoma, damu. Niliziona. Nikaziruka nikatafuta palipoandikwa Bwana Pasi. Nilinuna mwezi mzima bila kukujibu, na mwezi huo ndio uliokulaza.

Sikuombi kitu katika barua hii. Nimepata ruhusa ya mwisho wa mwezi ujao. Ukisema nisije, sitakuja.

Mumeo, kama bado


Tarehe 24 Septemba

Barua yako imefika.

Nimetoka hospitali. Natembea. Sindano zimekwisha, nimebakiza vidonge, na mama daktari anataka nirudi anione tena. Nilimuuliza habari za mtoto. Akasema mirija ikivimba hivyo inaweza kubaki na makovu, inaweza isibaki, hawezi kuniambia leo. Akasema pia nikipata mimba niwahi kuja mapema sana, isije ikawa imekaa kwenye mrija. Nilimuuliza kama ningekuja Aprili ingekuwaje. Akanishika bega. Basi nimejibiwa.

Barua yako nimeisoma mpaka ile sehemu uliyosema ulifurahi. Pale nimeikunja. Sehemu iliyobaki nimesoma baada ya siku kadhaa.

Wifi anataka kuja huko kukupiga. Nimemwambia nauli ni kubwa.

Nimekesha na jambo moja ambalo sikulitegemea. Namchukia huyo mwanamke. Nimemtengeneza kichwani, nimempa sura, nimempa kiuno, nimempa na kicheko. Halafu nimekumbuka kwamba wewe ulitibiwa Machi, ukatibiwa Julai, mimi nimetibiwa juzi. Yeye ametibiwa lini? Kama ulimwacha kama ulivyoniacha mimi, yuko hapo anagawa chai, anasema tumbo linavuta kwa sababu ya kubeba masufuria.

Nenda ukamwambie. Leo, si kesho. Mwambie kila kitu alichosema yule bwana wa zahanati. Kisha nawe ukapimwe tena. Hayo mawili yakiisha uniandikie, nitakuambia kama uje.

Fundi wa cherehani


Tarehe 2 Oktoba

Mke wangu,

Nimepimwa. Sina kitu. Na mara hii nilimuuliza yule bwana mara mbili.

Kwa yule mwanamke wa kantini nilikwenda jioni, wenzangu wote wakiwepo nje ili asije akadhani nimefuata mengine. Alikuwa anachambua mchele kwenye sinia, vidole vinakwenda upesi, hata hatazami, punje mbaya inaruka yenyewe. Nikamwambia.

Akacheka. Akasema, "Mimi? Fundi, mimi mzima, hata mafua sijapata mwaka huu. Tafuta kwingine." Nikamwambia mke wangu alisema hivyo hivyo. Vidole vikasimama. Akauliza, "Mkeo yuko wapi?" Nikasema ametoka hospitali. Akasukuma sinia pembeni. Kisha akasema, "Na hili wewe ulilijua tangu Machi?" Nikasema ndiyo. "Ukawa unakuja hapa kila asubuhi, nakumiminia chai, unaniambia asante."

Nikasema ndiyo.

Alikwenda zahanati asubuhi iliyofuata. Wamemkuta nao. Kuna na mtu mwingine naye ameitwa, hayo si yangu kukuandikia. Chai sasa ananimiminia bila kunitazama, na sukari haweki. Nainywa.

Nasubiri neno lako.

Mumeo, kama bado


Tarehe 10 Oktoba

Baba wa binti yangu,

Nimefurahi kwamba ametibiwa. Nimeandika neno hilo haraka kabla sijalifuta.

Sasa nieleze. Nilikutuma ukampe habari. Sikukutuma ukatazame vidole. Vinakwenda upesi, punje inaruka yenyewe! Mimi nashona mbele yako mwaka wa kumi na tisa. Vidole vyangu vimeingiwa sindano mara ngapi, kipi kina kovu, kipi hakinyooki? Uliwahi kumwandikia mtu? Nimeisoma barua yako kazini, Bwana Pasi akaniuliza kwa nini natazama mikono yangu. Nikamwambia natafuta uzi.

Njoo mwisho wa mwezi. Utalala sebuleni, godoro dada yako ameshalitoa juani, na amelipiga kwa mwiko muda mrefu kuliko kawaida. Usiniulize utalala hapo mpaka lini. Ukifika, kabla hujakaa, uzibe ile koki ya nje. Sitaki tena mlango wetu utambulike kwa kuvuja.

Siku ya kurudi kwa mama daktari tutakwenda wote. Utaingia ndani, si kukaa kwenye benchi la nje. Majibu ya mirija utayasikia kwa masikio yako, na yakiwa mabaya utanitazama usoni hapo hapo.

Shati la kijivu ulilisahau huku Juni. Kile kifungo nimekikata kwa mkasi, nikautoa na uzi wote, hakuna hata unyuzi mmoja uliobaki. Kingine sijashona. Utalivaa hivyo hivyo, liko wazi kifuani, mpaka siku mwenyewe nitakapojisikia kushika sindano.

Mkeo